Simu ni ya mfanyakazi, laini iwe ya nani?

Ofisi nyingi ndogo za Kampala haziwanunulii wafanyakazi simu. Msambazaji wa bidhaa za Kikuubo, eneo la maduka ya jumla, na afisa mikopo anayezunguka kwa bodaboda hupiga picha za risiti na vitambulisho vya wateja kwa simu zao wenyewe. Mwajiri ameokoa pesa, ila gharama imehamia mfukoni mwa mfanyakazi: bando, chaji, kioo kikipasuka. Tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo posho ya bando si hisani.

Wanaotetea utaratibu huu hawakosei kabisa. Mtu huijua simu yake, huitunza, tena habebi mbili. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 haijali simu ni ya nani: kampuni iliyokusanya data ndiyo inayowajibika, na ikitiwa hatiani mahakama inaweza kuitoza hadi asilimia 2 ya mapato ghafi ya mwaka. Na data huvuja kimyakimya. Simu ikiwa imewashwa nakala rudufu, picha ya kitambulisho hupanda yenyewe hadi Google Photos ya mfanyakazi, ikabaki huko hata akishaacha kazi. Halafu kuna zile VPN za bure, programu zinazopitisha intaneti yako kwenye kompyuta za watu usiowajua, ambazo watu walizikimbilia Facebook ilipofungwa Januari 2021. Sijui nani angeziruhusu kwenye kompyuta ya ofisi.

Watu hubishania kifaa, kumbe cha kugombania ni laini. Mteja huhifadhi namba. Muuzaji akihamia kwa mshindani, maagizo yanamfuata. Simu nyingi zinabeba laini mbili. Kampuni isajili ya pili kwa jina lake, ifungulie WhatsApp Business, iwashe uthibitishaji wa hatua mbili wenye tarakimu 6, na barua pepe ya kurejesha iwe ya ofisi. Bila barua pepe hiyo, anayesahau tarakimu husubiri siku 7. Laini yenyewe ifungwe kwa PIN, maana mwizi huichomoa, akaiweka kwenye simu nyingine na kupokea SMS za uthibitisho. Ukikosea PIN mara 3, itadai PUK, namba ya kuifungua laini; iandikwe ofisini.

Kufuta data kwa mbali ndiko kunakozua ugomvi. Wasifu wa kazi wa Android hutenga programu za ofisi, zikafutwa peke yake, picha za familia zisiguswe. Simu ya RAM ya GB 2 huelemewa na mpango huo. Mwenye simu ya namna hiyo, na yeyote anayeshika pesa za wateja, anunuliwe simu na kampuni.