Ufunguo wa usalama hufunga akaunti, haufungi kompyuta

Kiwanda cha Mwanza kinachouza minofu ya sangara Ulaya hutuma ankara kwa baruapepe. Mdukuzi akishaingia humo hana haja ya kuharibu kitu. Anasubiri ankara itoke, anabadilisha namba ya akaunti ya benki, na malipo ya mzigo mzima yanaishia kwake. Hapo ndipo ufunguo wa usalama, kile kifaa kidogo mfano wa flashi kinachochomekwa kwenye USB, unapostahili kujadiliwa.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Tarakimu sita za SMS, au za programu ya simu, unaweza kuziandika kwenye tovuti bandia, na mwizi akazitumia palepale kabla hazijaisha muda. Ufunguo hauna tarakimu za kuandika: unatia saini inayofungamana na anwani halisi ya tovuti, kwa hiyo ukurasa bandia hauambulii kitu hata kama macho yako yamedanganyika. Mwaka 2018 Google ilieleza kuwa tangu ianze kuwalazimisha wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 kutumia funguo hizi, hakuna aliyeibiwa akaunti ya kazi kwa njia hiyo. Mwaka 2022 baadhi ya wafanyakazi wa Cloudflare, kampuni ya huduma za mtandao, walinaswa na ukurasa bandia wakaandika nywila zao, lakini wezi hawakuingia kwa sababu ufunguo ulihitajika.

Wanaoupinga huanza na bei: makumi ya dola kwa mmoja, na lazima ununue miwili, maana mmoja ukipotea huna pa kuingilia. Hoja yao iliyo bora zaidi ni nyingine. Simu ya kawaida yenye alama ya kidole inaweza kutunza ufunguo wa aina hiyohiyo ndani yake, bure. Kwa mtu binafsi nakubaliana nao kabisa. Kwa ofisi, hapana: simu ni ya karani, na akiacha kazi anaondoka nayo. Ufunguo wa ofisi hubaki kabatini, na hufutwa kwenye akaunti siku hiyohiyo ukipotea.

Wengi hukosea kwenye kuuweka. Kabla ya yote, fungua mipangilio ya baruapepe uangalie kama kuna anwani ngeni inayopelekewa nakala za barua zako, kisha toa vifaa vyote vilivyoingia, kwa kuwa ufunguo haumfukuzi aliyekwisha kuwa ndani. Sajili funguo zote mbili siku moja. Chapisha namba za dharura, zile za kuingilia ufunguo ukikosekana, zifungie na stakabadhi. Kisha ondoa namba ya simu kwenye uthibitishaji wa hatua mbili na pia kwenye kurejesha akaunti; ukiiacha, mwizi atahamishia namba yako kwenye laini yake na kuingia kwa mlango wa nyuma. Angalia pia PIN ya ufunguo wenyewe: YubiKey, aina mojawapo ya funguo hizi, PIN yake ikikosewa mara 8 mfululizo hujifunga, na kuirejesha ni kufuta kila kilichosajiliwa humo.

Septemba 2024 watafiti walionyesha kwamba YubiKey 5 zenye programu ya kabla ya toleo la 5.7 zinaweza kunakiliwa, na programu hiyo haisasishwi. Mwizi anahitaji kuushika ufunguo wenyewe na vifaa vya maelfu ya dola, kwa hiyo aliye nao asiutupe. Anayenunua leo aulizie toleo.

Lakini barua ya mteja ikidukuliwa upande wake, ufunguo wako hausaidii. Mabadiliko ya akaunti ya benki yathibitishwe kwa kupiga simu, kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani.

Stashenari inayopokea flashi hamsini kwa siku, na Windows iliyofunguliwa kwa programu ya wizi, ina tatizo tofauti. Kirusi kikiwa ndani ya mashine huchukua vidakuzi vya kivinjari, yaani uthibitisho kwamba umeshaingia, na ufunguo haukiulizi. Fedha za kununulia ufunguo zinunue diski mbili za nje za kuhifadhi nakala za mafaili, zipokezane kila wiki, moja ikikaa nyumbani. Diski inayoachwa imechomekwa siku nzima hufungwa na kirusi pamoja na mafaili mengine.