Mjerumani akisema hapana, tusikimbilie kumwita mwoga

Mwaka 2025 taasisi ya kura za maoni ya Forsa iliwauliza Wajerumani kama wangeshika silaha nchi yao ikivamiwa. Takriban sita kati ya kumi walisema hapana, au huenda wasishike. Waliojibu "bila shaka" hawakufika mmoja kati ya watano. Tangu hapo takwimu hiyo inazungushwa kama ushahidi kwamba taifa zima limelegea. Mimi naona imesomwa vibaya.

Tuanze na walioulizwa. Karibu nusu ya Wajerumani wamevuka miaka 45. Bibi wa miaka sabini akisema hatabeba bunduki, mwoga ni nani hapo? Halafu swali lilimhusu mhojiwa mwenyewe, si jeshi. Kura nyingine za maoni zimeonyesha wengi wakikubali bajeti ya ulinzi iongezwe.

Ingia kijiji cha Kijerumani, utakuta jiwe la kumbukumbu karibu na kanisa: majina ya 1914–1918, chini yake ya 1939–1945, na jina la ukoo lile lile limerudiwa mara tatu, nne. Watu waliokua wakipita hapo kila Jumapili hawawezi kuongelea vita kirahisi. Sisi tuliosimuliwa Majimaji tunamkumbuka Mjerumani mwingine kabisa, lakini ni Rais wao, Steinmeier, aliyekuja Songea Novemba 2023 kuomba msamaha.

Kusita huko kumeingia hadi kwenye sheria. Tangu hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Julai 1994, serikali haipeleki askari kupigana nje bila kibali cha bunge, Bundestag. Na kibali kimetolewa zaidi ya mara moja. Kosovo mwaka 1999 walikwenda, ingawa waziri wa mambo ya nje, Joschka Fischer, alirushiwa mfuko wa rangi nyekundu kwenye mkutano wa chama chake hadi kiwambo cha sikio kikapasuka. Afghanistan walikwenda pia, wakapoteza askari 59.

Wapolandi na Walithuania, majirani wa Urusi, wana hoja nzito, nami siipuuzi: dhamiri haizuii kifaru. Kansela Scholz alitangaza euro bilioni 100 za jeshi Februari 2022, lakini vifaru vya Leopard aliviruhusu kwenda Ukraine Januari 2023 tu. Miezi hiyo Waukraine waliilipia kwa damu.

Sasa, tangu Januari 2026, kijana wa kiume aliyezaliwa 2008 au baadaye hupokea dodoso la jeshi, na lazima alijibu. Siku sheria ilipopitishwa, wanafunzi waligoma katika miji mingi. Kujiunga bado ni hiari. Jeshi linataka kutoka askari wapatao 180,000 hadi 260,000. Wanaojitolea wakiwa hawatoshi, kuwaita kwa lazima kutahitaji kura nyingine ya Bundestag, mbele ya wazazi wa vijana hao hao.