Kosa moja kati ya 285

Tarehe 17 Novemba 2010, baraza la wazee wa mahakama mjini New York lilitoa uamuzi juu ya Ahmed Khalfan Ghailani, Mtanzania mzaliwa wa Zanzibar. Hati ya mashtaka ilikuwa na makosa 285. Mauaji 224 yalikuwamo, moja kwa kila roho iliyopotea balozi za Marekani zilipolipuliwa Nairobi na Dar es Salaam asubuhi ya Ijumaa ile ya 7 Agosti 1998. Katika makosa 284 alionekana hana hatia. Likabaki moja, la kula njama ya kuharibu majengo na mali ya Marekani, na kwa hilo peke yake Jaji Lewis Kaplan akamfunga maisha Januari 2011.

Wapo waliosema basi, mtu kafungwa maisha, yaliyobaki ni hesabu za wanasheria. Kwangu mimi hesabu hizo ndizo habari yenyewe. Soma majina yaliyoandikwa ukutani kwenye bustani ya kumbukumbu, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie jijini Nairobi: hakuna hata mmoja ambaye mahakama ile ilisema Ghailani alimuua.

Mambo yaliharibika miaka sita kabla. Ghailani alikamatwa Gujrat, Pakistan, Julai 2004, akaingia mikononi mwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na kwa takriban miaka miwili akafichwa katika magereza ambayo serikali haikukiri kuwa yapo. Ndipo Septemba 2006 akahamishiwa Guantanamo, gereza la kijeshi la Marekani kisiwani Cuba. Kesi ilipofika kortini, serikali haikutaka mjadala juu ya namna alivyohojiwa. Ilimwachia jaji aamue kana kwamba maneno yake yote kwa CIA yalitoka kwa kulazimishwa. Humo ndimo lilimotoka jina la mtu aliyedaiwa kumuuzia vilipuzi vya TNT. Polisi wa Tanzania wakamsaka, wakampata, naye akakubali kusafiri kutoa ushahidi. Waendesha mashtaka walimtegemea kuliko wote. Tarehe 6 Oktoba 2010 Kaplan akamzuia asipande kizimbani: serikali isingemjua bila mateso, kwa hiyo isimtumie.

Watetezi wa CIA wana hoja, na tusiichukulie kimzaha. Polisi na jasusi hawafanyi kazi moja. Polisi anatafuta ushahidi wa lililokwisha kutokea. Jasusi anatafuta la kesho. Mwaka 2004 Marekani ilikuwa na kidonda kibichi cha watu karibu 3,000 waliouawa siku moja, Septemba 11, 2001, treni za Madrid zimelipuliwa Machi ya mwaka huohuo, na mkononi mna mtu wa al-Qaeda aliyeishi mafichoni miaka sita. Nani angemwambia rais wake asubiri kwanza wakili afike? Siri nayo si uovu kwa asili yake. Mtoa habari aliyejipenyeza ndani ya kundi akitajwa hadharani, amekwisha, pengine na jamaa zake. Kaplan mwenyewe alikataa kuifuta kesi kwa sababu ya kucheleweshwa karibu miaka mitano, akiona kwamba haja ya usalama wa taifa ilikuwa na uzito. Na siku ya hukumu alisema kwamba lolote lililompata Ghailani mikononi mwa CIA ni dogo likilinganishwa na maumivu aliyoyasababisha.

Ningeridhika na hoja hiyo kama si kesi ya mwaka 2001. Wanaume wanne, akiwemo Mtanzania mwingine, Khalfan Khamis Mohamed, walishtakiwa New York kwa milipuko hiyohiyo. Walihojiwa na FBI, wapelelezi wa jinai wa serikali ya Marekani, maelezo yao yakaandikwa, mawakili wakayapinga mbele ya jaji. Wote wanne walitiwa hatiani Mei 2001, wote wakafungwa maisha, na gereza la siri halikuhitajika. Sisemi kwamba makosa yote 284 yaliponyoka kwa sababu ya mateso. Miaka 12 ilikuwa imepita, na kumbukumbu za mashahidi huchakaa. Lakini muuza TNT alikuwepo, hai, tayari kusema, na aliyemnyima nafasi hiyo si wakili mjanja wa mshtakiwa. Ni waliomhoji Ghailani.

Baada ya uamuzi ule wanasiasa wa Washington wakasema mnaona, mahakama za kiraia hazifai, watuhumiwa wa ugaidi wapelekwe mbele ya tume za kijeshi, yaani mahakama za jeshi kule Guantanamo. Bunge la Congress likazuia fedha za kuwahamishia wafungwa wa Guantanamo Marekani, na Ghailani akabaki wa pekee kutoka kule aliyeshtakiwa katika mahakama ya kiraia. Tume hizo zimefanya nini? Watuhumiwa wa Septemba 11 walisomewa mashtaka upya Mei 2012. Kesi yenyewe bado haijasikilizwa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo imeliwa na mabishano juu ya mateso. Agosti 2023 jaji wa kijeshi aliyatupa maungamo ya Abd al-Rahim al-Nashiri, anayetuhumiwa kwa shambulio la meli ya kivita ya Marekani, USS Cole, kwa sababu ileile ya Kaplan.

Na nani aliwajibika? Ghailani aliomba kesi ifutwe kwa kuwa aliteswa. Mei 2010 Kaplan akajibu kwamba, hata kama ni kweli, huenda ana nafuu nyingine kisheria, ila si hiyo. Nafuu nyingine maana yake ni kufungua kesi ya madai. Khaled el-Masri, Mjerumani aliyekamatwa Makedonia mwishoni mwa 2003 kwa kufananishwa jina na akapelekwa Afghanistan, alifungua. Mahakama za Marekani zikaitupa kwa kisingizio cha siri za taifa, wakati habari yake ilikuwa imekwisha andikwa magazetini dunia nzima. Upande wa jinai, mwendesha mashtaka John Durham alipitia mikasa ya wafungwa 101 na mwaka 2012 akafunga jalada bila kumshtaki mtu. Kanda 92 za video za mahojiano ya CIA zilikuwa zimeharibiwa tangu 2005. Aliyefungwa ni John Kiriakou, ofisa wa zamani wa CIA aliyezungumzia hadharani mateso ya maji, yaani kummwagia mfungwa maji usoni ahisi anazama. Kosa lake kisheria lilikuwa kumtajia mwandishi jina la mwenzake wa siri, na hilo si dogo; ila ukipima miezi yake 30 dhidi ya sifuri ya waliotesa, mizani inalalia upande mmoja.

Ufa ulionekana baada ya Desemba 2014, kamati ya Seneti ilipotoa muhtasari wa ripoti yake juu ya magereza ya siri ya CIA: watu 119 walishikiliwa, na angalau 26 kati yao hawakustahili kushikiliwa hata kwa vigezo vya CIA yenyewe. CIA ilibisha sehemu kubwa ya ripoti. Lakini kilichokwisha kuchapishwa si siri tena, na mwaka uliofuata Mtanzania mmoja, aliyekamatwa Mogadishu 2003 na kuachiwa 2008 na barua inayosema si tishio, alikuwa miongoni mwa waliowashtaki wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu zile za mahojiano za CIA. Wakapatana nje ya mahakama Agosti 2017. Kiasi walicholipwa hakikutangazwa.

El-Masri naye alishinda, ila si dhidi ya Marekani. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliiamuru Makedonia, nchi iliyomkabidhi, imlipe. Serikali zetu zingeisoma hukumu hiyo kwa makini. Mwanzoni mwa 2007 watu waliokuwa wakikimbia vita Somalia walikamatwa Kenya, wakapakiwa ndege Nairobi na kurudishwa Somalia, wengi wakaishia jela za Ethiopia, huku mawakili wakidai waletwe mbele ya hakimu.

Afrika Kusini iliwahi kufanya vingine. Khalfan Khamis Mohamed alikamatwa Cape Town mwaka 1999 na kukabidhiwa FBI bila Marekani kuahidi kwamba hatanyongwa. Tarehe 28 Mei 2001 Mahakama ya Katiba ilisema serikali yake ilivunja sheria, na ikaagiza nakala ya hukumu ipelekwe haraka New York, ambako kesi ilikuwa bado inaendelea. Khalfan hakuachiwa. Ila wazee wa mahakama walishindwa kukubaliana kwamba ahukumiwe kifo.