Marangu au Machame: njia rahisi ni rahisi kwa nani?

Mlimani Kilimanjaro, njia ya Marangu huitwa Coca-Cola na ya Machame huitwa Whiskey. Utani wenyewe unajieleza: ya kwanza hata mtoto anaimeza, ya pili inataka kifua. Shida inaanza mtu anapougeuza utani kuwa ushauri. Analipia Marangu ya siku tano, na usiku wa kuelekea kileleni anajikuta amekaa juu ya jiwe chini ya Gilman's Point, pale njia inapofika ukingo wa kreta, kichwa kinapasuka, anatapika.

Sifa za Marangu ni za kweli. Mwinuko ni wa taratibu, na ndiyo njia pekee yenye vibanda vya kulala: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo kama 4,700. Mvua ya masika ikikukuta msituni, paa na godoro si jambo dogo. Kwa mtu ambaye hajawahi kulala hemani maishani mwake, na Watanzania wengi tuko hivyo, hoja hiyo ina uzito kuliko mandhari.

Ila piga hesabu. Kwa siku tano, unaondoka Horombo asubuhi, unavuka uwanda mkavu kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, na unafika vibanda vya Kibo alasiri ukiwa umepanda mita elfu moja. Unajilaza tu, maana usingizi wenyewe hauji. Karibu na saa sita usiku unaamshwa ukapande nyingine kama 1,200 hadi Uhuru, 5,895. Miguu inaweza, lakini mwili haujapewa muda wa kuizoea hewa ile haba. Na changarawe za usiku huo, zinazokurudisha nyuma kila ukikanyaga, hazina ulaini wowote.

Machame inachosha mapema zaidi. Siku ya tatu unapandishwa hadi Lava Tower, kama mita 4,600, kisha unateremshwa kulala Barranco, chini kidogo ya 4,000. Mgeni huona ni uonevu: kwa nini nipande nishuke? Waongozaji wana jibu fupi, panda juu, lala chini. Kichwa kinachouma Lava Tower mara nyingi kinatulia Barranco, na mwili umeshaonjeshwa kinachokuja. Asubuhi yake kuna ukuta wa Barranco, unaokwewa kwa mikono na miguu, bila kamba. Ukiutazama kutoka kambini unatisha kuliko ulivyo, ingawa anayeogopa vimo hatafurahi. Wanaonistaajabisha mimi ni wapagazi, wanaoupita na mizigo inayoruhusiwa kufika kilo 20, kisha wengine wanarudi bonde la Karanga kuchota maji, kwa kuwa kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, haina maji.

Wanaoisifu Machame nao husahau kutaja idadi ya siku. Ya siku saba inakulaza Karanga. Ya siku sita inaunganisha Barranco na Barafu kwa mkupuo, na usiku huohuo unaanza safari ya kilele. Hapo ubora wake unapungua sana. Marangu ya siku sita, yenye siku ya ziada Horombo na matembezi hadi Zebra Rocks na kurudi, inashindana nayo vizuri tu, tena umelala kitandani. (Umbwe, fupi na yenye mwinuko mkali, naiacha, si ya kwenda kujifunzia.)

Kila siku inayoongezwa ina gharama yake, kwa sababu ada za hifadhi hutozwa kwa siku na wapagazi nao wanalipwa. Ndiyo maana siku tano zinauzika. Mwenye uwezo wa siku saba ningemwambia aende Machame. Mwenye sita, Marangu. Mwenye tano ningemshauri adunduize hadi msimu ujao. Wakala akisisitiza kwamba ni rahisi, wewe muulize jambo moja: kabla ya usiku wa kilele, nitalala mara ngapi juu ya mita 3,500? Machame ya siku saba ni mara tatu. Marangu ya tano ni mara moja.