Newcastle Maneno Yanarithiwa, Dar Yanachacha

Kabla viza ya kuja kutunza wazee Uingereza haijafungwa kwa waombaji wapya wa nje mwaka 2025, ulikuwa lazima ufaulu mtihani wa Kiingereza. Ulikuwa unavaa spika za masikioni, unasikiliza mtu akieleza taratibu habari za maktaba na ratiba ya treni, unajaza majibu. Kisha unapangiwa Newcastle, kaskazini-mashariki, na bibi wa miaka 80 na ushee anakushika mkono jioni anakuambia: "Ah'm gannin hyem, pet." Maktaba yote ile haikusaidii kitu. Bibi anasema anakwenda zake nyumbani. "Gan" ni kwenda, "hyem" ni nyumbani. Mnorwei angeelewa haraka kuliko mimi, maana kwao nyumbani ni "hjem". "Pet" ni wewe, mpenzi, hata kama hamjuani. Dereva wa basi mwanamke atakuita hivyo hivyo, na usijidanganye kwamba umependwa.

Kuna mengine. Chakula cha kubeba kazini ni "bait". Penye matope ni "clarty". "Canny" ni nzuri, safi, poa. Na "man" wanaambiwa wote, wanawake kwa wanaume: mama anamfokea binti yake "howay, man!" akimhimiza watoke. Hilo peke yake halikunisumbua. Mtu aliyekulia Temeke akisikia dada zake wakiambiana "acha bwana!" hana haki ya kushangaa.

Kinachonishangaza ni umri wa haya maneno. Bibi anayasema, mjukuu akija kumwona Jumapili anayasema pia, na yana maana ile ile. Wachimba makaa ya mawe walikuwa wakishuka shimoni na "bait" yao. Mgodi wa mwisho wa chini ya ardhi katika eneo hili, Ellington, ulifungwa 2005, lakini fundi wa simu leo bado anafungua "bait" yake saa saba mchana. Wanayachapa kwenye vikombe na fulana, wanawauzia wageni.

Sasa njoo Dar. Ukikaa nje miaka michache, ukirudi wewe ndiye mgeni. Mimi niliondoka tukisema mtu ana "nyumba ndogo". Nikarudi nikakuta ni "mchepuko", na vijana wananitazama kama nimevaa suruali ya marehemu. Tulikuwa na "udaku", leo ni "ubuyu". Chawa alikuwa mdudu. Sasa ni mtu mzima anayelala na kuamka akimsifia tajiri au mwanasiasa ili apate chochote. "Anaupiga mwingi", yaani anacheza vizuri, ulikuwa msemo wa mashabiki wa mpira, ukahamia kwenye majukwaa ya siasa, na sijui nitakaporudi tena utakuwa wapi. Ukijibu "bomba" leo kwenye "mambo?", umeshataja mwaka uliozaliwa.

Pesa ndizo angalau zina subira. "Jero" bado ni mia tano, "buku" ni elfu. "Msimbazi" ni noti ya elfu kumi, na hapo mgeni lazima ajue mpira kwanza: noti ni nyekundu, Simba ni wekundu, makao yao ni Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Mkenya naye mia tano yake aliiita "jirongo", jina la mwanasiasa wa kampeni za 1992. Mpeleke mtu wa Newcastle sokoni umwachie hayo bila mwenyeji, uone.

Huwa nawasikia watu wetu wakisema lugha ya mtaani inaharibu Kiswahili. Wengi wao wanasema hivyo wakiwa ndani ya daladala, neno lililotoka mtaani miaka ya themanini, nauli ilipokuwa "dala", yaani shilingi tano. Na hicho sanifu tunachokitetea nacho kina mtaa wake. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kikabaki nyumbani kwake. Ndiyo maana mzee wa Mombasa akikuambia "ndoo hapa", mtu wa bara anageuka kutafuta ndoo ya maji. Mzee anamwita tu aje. Wangechagua vinginevyo, sisi ndio tungekuwa tunasahihishwa.

Kwa hiyo simo kwenye kundi la kuzuia. Acha maneno ya Dar yachache, yaje mengine, ndivyo mji ulivyo: watu wanaingia kila siku kutoka kila mkoa na kila mmoja ana lake. Newcastle ni mji mdogo, hauna haraka hiyo. Ninacholilia ni kwamba yakishachacha tunayamwaga bila kuyaandika popote. Kamusi zetu zinasubiri neno likomae, na huku kwetu neno linakufa kabla ya kukomaa.

Fikirieni konda na dereva wake. Kwao dereva ni "suka", abiria ni "vichwa", anayeshika gari kwa siku moja ni "deiwaka". Lugha nzima ya jiji imepikwa mlangoni mwa daladala, konda akining'inia nusu mwili nje. Tangu 2016 mtu wa Kimara anapanda basi la mwendokasi: tiketi anakata kituoni, mlango unajifunga wenyewe, hakuna konda wa kumpigia kelele. Mimi mwendokasi naupenda, ukiacha foleni yake. Lakini kila njia inayoongezwa inawapunguza makonda. Wanafunzi wa Kiswahili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanaotafuta mada ya tasnifu wapande gari la Gongo la Mboto saa kumi na mbili asubuhi, na daftari. Wasichelewe, na wasikae dirishani, wakae mlangoni.