Dakika kumi zilizozaa kumi na mbili

Kwenye sale za michezo, vyumba vya kuchezea gemu za televisheni, hapa Kamalondo, Lubumbashi, hakuna anayelipa kwa saa. Unalipa mechi. Franka 500, vipindi viwili vya dakika tano tano, aliyefungwa anaachia maneti, kile kifaa cha kubonyezea, mshindi anabaki kwenye benchi kumsubiri mwingine mwenye 500. Yaya, yaani kaka, mwenye sale, ambaye mtaa mzima unamwita Prezida, anaijua hesabu hii kuliko tarehe ya ndoa yake: dakika kumi mechi, mechi sita kwa saa, franka 3,000 kwa televisheni moja. Mimi ni fundi wake. Kijiti cha maneti kikivunjika, televisheni ikitoa moshi, waya wa ralonji ukinuka, naitwa mimi.

Kwa miaka mingi sale ilikula kwa PlayStation ya kwanza kabisa, ile iliyotoka Japani mwezi wa 12 mwaka 1994, na televisheni ya chogo. Mashine ilicheza kichwa chini, miguu juu, na mgeni akiingia alidhani imeanguka. Kumbe ndiyo tiba yake. Kwenye zile za mwanzo, lenzi inayosoma CD inatembea juu ya reli ya plastiki, jirani na sehemu ya umeme inayopata joto. Plastiki inalika, lenzi inalala upande, CD inakwama na sauti ya mtangazaji inakatikakatika. Ukiigeuza mashine, lenzi inaegemea upande ambao haujalika, nawe unapata miaka mingine. Kulikuwa pia na kadi ya kumbukumbu, kilobaiti 128, vyumba 15, na ndani yake vijana walikuwa wamejenga timu zao herufi kwa herufi, zile klabu mbili za mji wetu: Mazembe na mistari yake myeupe na myeusi, Lupopo na njano na buluu yake. Kadi ile Prezida alikuwa analala nayo nyumbani.

Halafu kampuni moja, jina lake nalimeza, ikatangaza mkusanyiko wa michezo sita ya zamani, imesafishwa, imeng'arishwa, ya konsole za kisasa. Gemu yetu ya mpira ilikuwemo. Prezida akalipa siku hiyo hiyo.

CD moja ya zamani haizidi megabaiti 700 hivi. Michezo sita, hata ikijaa mpaka mdomoni, ni giga nne na kidogo. Mkusanyiko ulikuja na giga zaidi ya 20, na kabla hata ya kuonyesha menyu ukadai marekebisho ya giga nyingine tatu. Tulinunua mega za intaneti za usiku tukaiacha konsole ipakue. Anayetaka kufanya hivyo asiizime konsole. Aiweke kwenye usingizi ule unaoacha intaneti wazi, na aitafutie ondileri, betri ya kushikilia umeme ukikatika. Umeme ukikatika wakati wa kupakua, kazi itaendelea pale ilipoishia. Ukikatika wakati wa kusakinisha, faili linaweza kuharibika na giga zako zote zikaenda na maji.

Siku ya uzinduzi sale ilijaa mpaka barabarani. Picha safi, nyasi za kijani cha kuumiza macho. Mechi ikaanza. Mpira ukapigwa juu, ukakaa juu. Winga akakimbia kama mtu aliyetoka kumaliza bukari, ugali wetu, ya watu wawili. Vijana wakatazamana. Wakubwa wakasema ndivyo ilivyokuwa zamani, sisi tumezoea haraka za leo, na wote wakakubali, kwa sababu mkubwa akisema na kioo ni kipya utabisha na nini?

Prezida hakuwa anaangalia kioo. Prezida huangalia saa ya ukutani na boksi la pesa. Saa ikaisha, boksi likawa na franka 2,500.

“Fundi,” akaniambia kwa sauti ya chini, “mechi moja banaila. Nani kaila?”

Alishamtilia shaka kijana wa benchi la nyuma kwamba anabonyeza pozi, kuisimamisha gemu, kwa siri. Nikachukua simu, nikafungua saa ya kupimia, nikaibonyeza pamoja na filimbi ya mwamuzi, mapumziko nikayatoa. Saa ya gemu ilipofika kumi, simu ilisoma kumi na mbili. Ukiona namba hiyo huna haja ya kupima mara ya pili.

“Yaya, hakuna mwizi. Ni hertzi.”

“Huyo Hertzi anaikala wapi?”

Gemu nyingi za wakati ule zinapima muda kwa kuhesabu picha. Televisheni za Japani na Marekani zilichora picha 60 kwa sekunde, ndiyo hertzi 60, za Ulaya 50. Kwa programu, mechi ya dakika kumi ni picha 36,000 basi. Ukizitoa 60 kwa sekunde, zinaisha kwa sekunde 600. Ukizitoa 50, ni sekunde 720. Winga, mpira, muziki wa menyu, kila kitu kinapungua kasi kwa karibu asilimia 17, na saa ya gemu inapungua pamoja navyo. Ndiyo maana ukikodolea kioo peke yake huoni wizi. Juu ya hayo, televisheni ya leo inayochora 60 haijui la kufanya na 50, kwa hiyo kila picha ya tano inaonyeshwa mara mbili. Winga anakwenda, anasita, anakwenda, anasita. CD zetu za zamani, zile za sokoni zenye jina lililoandikwa kwa kalamu, zilikuwa nakala za toleo la Marekani, na mashine ilikuwa imewekewa chipu ya kuifanya izikubali. Kwa hiyo nakala ya sokoni ilikimbia, na hii ya halali yenye risiti ikajikokota. Hilo sikumwambia Prezida lote kwa mara moja, ana presha.

Tena ni ugonjwa unaojulikana. Tarehe 3 Desemba 2018 Sony wenyewe walitoa PlayStation Classic, kimashine chenye gemu 20, na 9 kati ya hizo zilikuwa matoleo ya Ulaya ya hertzi 50, Tekken 3, gemu ya kupigana, ikiwemo, hata kwa Wamarekani ambao hawajawahi kuishi na hertzi 50. Wapenzi wa Tekken, watu wanaohesabu pigo kwa picha moja moja, walipiga kelele mpaka leo. Na Silent Hill HD Collection ya mwaka 2012, gemu za kutisha zilizofufuliwa? Waliopewa kazi ya kuifufua walikabidhiwa kodi, yaani maandishi ya programu, ambayo haikuwa ile ya mwisho iliyouzwa, wakajikuta wanatengeneza upya makosa yaliyokwisha kutengenezwa. Watu wanatunza picha za harusi miaka 40. Kampuni inashindwa kutunza kodi ya gemu iliyoipa utajiri.

Kufikia jioni Kamalondo yote ilishajua kwamba kwa Prezida 500 inanunua dakika kumi na mbili. Wakaja wa Kenya, mtaa wetu si nchi, wakaja wa mtaa wa Katuba, wakaja na wadogo zao. Sale haijawahi kujaa vile, na haijawahi kuingiza kidogo vile.

Prezida akapandisha bei ikawa 600. Kihesabu alikuwa sawa kabisa: mechi tano mara 600 ni zile zile 3,000. Lakini mteja analeta noti ya 1,000, utamrudishia 400 kwa noti zipi? Noti za 100 zilizokuwa kwenye boksi zilikuwa zimechakaa kiasi kwamba mwenye kuipewa anaikunja haraka kabla haijagawanyika. Ugomvi wa chenji ulikula muda kuliko hertzi. Akarudi 500, akaniagiza nifupishe mechi. Nikakokotoa: kipindi cha dakika 4 na sekunde 10 ndicho kingemrudishia dakika kumi zake. Menyu ilikuwa na 5, 10 na 15. Basi.

Halafu kipa akaanza kuketi.

Ilianza kwenye kona ya kushoto. Kipa akatoka kufuata mpira, akagongana na beki wake, akaanguka kwa makalio, na hakuinuka. Akabaki amekaa, miguu mbele, mikono hewani, anarukaruka kwa makalio kuvuka eneo la penalti mpaka kwenye kibendera cha kona, huku mechi ikiendelea na goli likiwa wazi.

“Yaya, juu ya nini kipa anaikala?” akauliza kijana mmoja, na kabla hajajibiwa sale nzima ikalipuka: “Kidiabaaa!”

Mtu wa Lubumbashi hahitaji maelezo. Wa mbali ajue tu kwamba Desemba 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil 2–0 ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu, na kipa Robert Kidiaba akashangilia kwa kukaa chini na kurukaruka kwa makalio uwanjani. Fainali Inter Milan ya Italia walitufunga 3–0, lakini yale makalio hakuna aliyeyafunga.

Sababu haina ucheshi wowote. Gemu ya namna hii inangoja picha fulani, namba ile ile kamili, ndipo imwambie kipa ainuke. Programu inayoiigiza mashine ya zamani ikiruka picha hiyo ili kuwahi sauti, amri ya kuinuka haifiki. Kipa yuko chini, sheria za mdundo zinaendelea kumrusha, na hakuna wa kumwambia imetosha. Vijana hawakuhitaji maelezo haya. Katika muda mfupi walishapata kanuni: kona ya kushoto, beki mmoja asimame mbele ya kipa, shikilia kitufe cha pembetatu kabla mpira haujapigwa. Wakaacha kufunga magoli. Watu wazima na akili zao walikuwa wanalipa 500 kutafuta kona.

Na ubishi? Shabiki mmoja wa Lupopo alidai goli lililofungwa kipa akiwa anarukaruka lisihesabiwe. Mwenzake akamwambia hata mwaka 2010 hakuna aliyemkataza. Ilibidi Prezida aamue, akaamua kwamba goli ni goli, na aliyeuliza alipie.

Dawa niliikuta mahali ambapo hakuna fundi angeanza kutafuta: kwenye lugha. Mkusanyiko ulikuwa na matoleo mawili ya kila gemu. Ukichagua Kifaransa unapewa toleo la Ulaya, kwa sababu ndilo lenye Kifaransa. Ukichagua Kiingereza cha Marekani unapewa la 60. Hakuna mstari hata mmoja unaokuambia. Unafunga gemu kabisa, unarudi menyu kuu, unaingia Options, kisha Langue, yaani lugha, unabadilisha, unatoka, unaanzisha upya. Nikafanya hivyo. Winga akapata miguu. Simu ikasoma dakika kumi. Prezida akanipiga bega, na furaha yake ikadumu mpaka kijana alipofungua orodha ya timu.

“Mazembe iko wapi?”

Mashabiki wa Lupopo wakacheka sana, kisha wakatafuta ya kwao.

Faili la kumbukumbu la PlayStation lina jina, na jina linaanza na herufi za eneo: BESLES kwa toleo la Ulaya, BASLUS kwa la Marekani. Gemu ya Marekani ikiona BESLES inapita bila salamu. Kwa kompyuta na kadi halisi unaweza kuhangaika ukapata njia, lakini mkusanyiko huu ulikuwa umezifungia kadi zake ndani, hakuna kutoa wala kuingiza. Timu zote, zilizojengwa usiku na usiku kwenye toleo jipya kwa kuiga kadi ya zamani, zilibaki upande wa Kifaransa. Wakaanza upya, na kibodi ya Marekani haikuwa na É, kwa hiyo Saint-Éloi, jina la mbele la Lupopo, akapoteza alama yake, jambo lililofanyiwa kikao.

Kisha penalti zote zikaanza kukosa. Hilo halikuwa kosa la gemu. Televisheni bapa inapokea picha, inaipaka rangi, inailainisha, ndipo inaionyesha. Kwa nyingi, ucheleweshaji huo unaweza kupita milisekunde 100, na kwa hertzi 60 kila picha ni milisekunde 16.7. Unabonyeza sasa, mguu unapiga picha sita baadaye. Chogo hakikuwa na maringo hayo. Ingia menyu ya televisheni, Image (picha), chagua Jeu (gemu). Ikiwa haipo, kwenye baadhi ya televisheni ukilipatia tundu la HDMI jina la PC, nyingi ya mbwembwe hizo zinazimika.

Mechi ikawa dakika kumi, penalti zikaingia, mtangazaji akawa anaropoka Kiingereza. Kila kitu sawa, na sale ikaanza kupwaya. Kwenye 60 kipa alikuwa anaanguka, anainuka, anajipangusa. Wateja walijaribu kona za kushoto, za kulia, wakashikilia pembetatu mpaka kidole kikaumia. Wakamwendea Prezida kama ujumbe rasmi: wanataka Kidiaba.

Prezida alikaa na kalamu yake. Mechi tano kwa saa, mara 1,000, ni 5,000. Akanituma nirudishe televisheni ya pili kwenye Kifaransa, nizime masasisho yanayojiwasha yenyewe, kisha nichomoe waya wa intaneti, maana kampuni ilikuwa imeshatangaza marekebisho mapya na ya kwanza kwenye orodha yao ilikuwa “tabia ya kipa”. Karatasi ikabandikwa ukutani, kwa mkono wake: TELE 1, MECHI 500. TELE 2, KIDIABA, 1,000. ATAKAYEBONYEZA “METTRE À JOUR” (SASISHA) ATALIPA MASHINE.

Noti ya 1,000 haihitaji chenji. Foleni ya tele 2 ilifika mpaka kwa mama wa michopo, nyama ya kuchoma. Nikaomba malipo yangu ya ufundi, na Prezida, bila kuinua macho kwenye boksi, akanipa mechi tatu. Za tele 1.