Usikate pini ya ethi, hata kama mvumo unakunyima usingizi

Jana usiku kijana mmoja kanitumia picha ya plagi ya amplifaya aliyoiunda mwenyewe. Pini ya ethi, ile inayoupeleka ardhini umeme uliopotea njia, imekatwa kwa koleo, na mahali ilipokuwa pamebaki kisiki kidogo kinachong'aa. Chini ya picha kaandika: "Kaka, mvumo umeisha kabisa, asante Mungu!" Nimeirudia picha ile mara tatu kabla ya kumjibu. Furaha yake ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyoniumiza.

Ushauri huo naujua. Nami nilipewa nilipoanza, tena na fundi wa miaka mingi ambaye namheshimu hadi leo. Spika zinavuma? Toa ethi. Unatolewa haraka, unafanya kazi palepale, na anayeupokea anamwambia mwenzake. Kwa hiyo naandika kwa hasira kidogo, mnivumilie.

Tuanze na kwa nini inavuma. Amplifaya inafika kwenye ethi kupitia plagi yake. Kompyuta inafika kupitia ya kwake. Halafu unaziunganisha kwa kebo ya RCA, ile ya sauti yenye pini moja katikati na ganda la chuma, na waya wa nje wa kebo hiyo unakuwa njia nyingine kati yao. Kitanzi kimefungwa, na umeme mdogo wa 50 Hz (au 60, kutegemea gridi yako) unazunguka humo mchana na usiku. Balaa ni kwamba kwenye RCA waya huohuo wa nje ndio unaorudisha sauti. Zikipita miliampea 20 tu kwenye waya wenye ukinzani wa omu 0.05, unapata milivolti 1. Utasema ni kidogo. Lakini sauti yenyewe kwenye kebo ile ina kama milivolti 300, kwa hiyo mvumo uko desibeli 50 tu chini ya muziki. Nyumba ikitulia usiku, unausikia ukiwa umekaa kwenye kochi.

Ukikata pini, kitanzi kinakatika na mvumo unakoma. Hilo sibishani nalo.

Ila ethi ya plagi haikuwekwa kwa ajili ya sauti. Iliwekwa kwa ajili ya siku ambayo waya wa moto utachomoka ndani ya boksi na kugusa bati. Na kwenye vifaa tulivyounganisha kwa mikono yetu wenyewe, siku hiyo iko karibu kuliko kwenye vya kiwandani. Ethi ikiwepo, umeme unakimbilia huko kwa nguvu, fyuzi inakatika, unabaki na boksi lililozima. Isipokuwepo, umeme utatafuta njia nyingine, na njia uliyouachia ni ule waya mwembamba wa RCA unaoelekea kwenye kompyuta. Waya huo ukiungua, bati lote la amplifaya linabaki na moto likikusubiri. Au haujaungua, wewe ukaja kuchomoa kebo huku mkono mmoja umeegemea boksi na mwingine umeshika plagi ya RCA. Kebo ikitoka tu, wewe ndiye waya.

Watu wamekufa hivi. Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifia jukwaani Swansea, Wales, mwaka 1972 alipogusa maikrofoni ambayo haikuwa na ethi. Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya The Yardbirds, alifia nyumbani kwake mwaka 1976, gitaa la umeme mkononi, ethi haikuwa sawa. Yule alikuwa mbele ya watu, huyu alikuwa kwake, mahali ambapo wengi wetu ndipo tunapofanyia mambo haya.

Kitanzi kikatwe, ndiyo, lakini kikatwe upande wa sauti. Kebo ya macho, ile ya TOSLINK iliyoanzishwa na Toshiba mwaka 1983, inapitisha mwanga tu. Hakuna shaba kati ya kifaa na kifaa, kwa hiyo hakuna kitanzi, na ethi zote mbili zinabaki mahali pake. Kama DAC yako (kifaa kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya kawaida kwa ajili ya amplifaya) haina mlango wa macho, weka transfoma ndogo ya sauti katikati ya kebo. Na kabla ya hayo yote, chomeka vifaa vyote kwenye soketi zilizo pamoja; mara nyingine mvumo unapungua hapohapo bila gharama yoyote.

Lakini kwanza ujue kitanzi kinapita wapi. Mimi nilisumbuka wiki nzima na seti yangu: Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja), bodi ya DAC yenye chipu ya PCM5102 juu yake, na amplifaya. Chaja ya Pi haina ethi kabisa, nikawa najiuliza kitanzi kinatoka wapi. Nilibadilisha chaja, nikabadilisha RCA, mvumo uko palepale. Mwishowe nikawasha amplifaya, nikaweka sikio kwenye spika, nikaanza kuchomoa kila kitu kimoja kimoja. Kebo ya HDMI ya skrini: unavuma. Kibodi: unavuma. Nilipogusa kebo ya mtandao na kichwa chake kikatoka kwenye tundu, tuu, ukimya. Nikakirudisha, mvumo ukarudi. Nikakitazama vizuri: kichwa cha kebo kimefunikwa bati, na upande wa pili kimeingia kwenye swichi ya mtandao yenye boksi la chuma na ethi yake. Ile kinga ya bati ndiyo ilikuwa njia. Kebo ya kawaida yenye kichwa cha plastiki haina shida hiyo, kwa sababu milango ya mtandao ina transfoma ndani zinazotenganisha. Nilikuwa nayo kabatini. Nikaibadilisha na kazi ikaishia hapo.

Kipimo kingine ninachokipenda: chukua plagi ya RCA tupu, unganisha pini ya kati na ganda lake, ichomeke kwenye mlango wa kuingizia sauti wa amplifaya. Ukiendelea kusikia mvumo, DAC yako haina hatia, kosa limo ndani ya amplifaya. Hapo sikiliza sauti yenyewe. Ikiwa ni ya 100 Hz (120 kwa gridi ya 60), yenye ukali kama nyuki kwenye debe, angalia kapasita za usambazaji wa umeme.

Mluzi mwembamba ni habari nyingine. USB hutuma data kwa mafungu, moja kila milisekunde 1 au, kwenye ile ya kasi, kila mikrosekunde 125. Ukisikia mluzi wa 1,000 au 8,000 Hz, anza kuitilia shaka USB. Laptopu inayopiga kelele, ichomoe chaja itumie betri uone.

Kuna vifaa ambavyo havina ethi na ni salama, nakubali: vile vyenye alama ya mraba ndani ya mraba. Vimetengenezwa hivyo tangu mwanzo, vina tabaka mbili za kuzuia umeme. Boksi la bati ulilolitoboa kwa drili sebuleni si mojawapo.

Nimemjibu yule kijana. Nimemwomba aichomoe amplifaya ukutani sasa hivi, asiiwashe tena mpaka aweke plagi mpya yenye pini zote, na kabla ya kuiwasha apime kwa mita kwamba pini ya ethi imeshikana na bati la boksi. Akimaliza, achomoe kebo moja moja na kuniambia mvumo unakoma kwenye ipi. Alama za kusoma zimeshakuwa za bluu. Nasubiri jibu.